Barua ya wazi kwa ofisi yetu ya wahitimu: marehemu hadaiwi

Asalaam aleikum wakubwa wa ofisi ya wahitimu, na nyinyi makomredi wenzangu mlioko kwenye kamati ya mkutano wa miaka 20 wa klasi ya 2005, hamjambo. Jina la chuo silitaji. Si kwa kuogopa, ni kwamba nakipenda na sitaki watu wa vyuo vingine waje hapa kutucheka, nyinyi wenyewe mnajijua. Na mimi mwanijua, mimi ndo yule mjitoleaji wa Lamu mliyemtumia listi ya ekseli ya wenzetu wa Pwani wa kuombwa mchango na meseji ya "kazi njema" alafu toka siku hiyo hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza kazi yenyewe inaendaje, bas leo nawaambia inaendaje na nawaambia mbele za watu kwa sababu imeili nimeandika tatu na zote zimejibiwa na kompyuta.

Nianze na kusema sikulazimishwa. Mlipouliza kwenye grupu nani atawafuata watu wa Pwani awakumbushe mchango wa klasi, nilijibu "mimi" kabla sijamaliza kusoma swali. Nina duka la spea za mashine za boti hapa Langoni na mwenye duka ana nafasi ya kupiga simu baina ya mteja na mteja, tena ilikuwa kusi imekaza, bahari chafu, wavuvi wameanika nyavu, hakuna wa kununua plagi wala propela. Na kusema kweli chuo kile kina haki juu yangu. Mwaka 2001 nilivuka hapa mpaka Mokowe na begi moja na ndoo ya plastiki yenye achari ya mama ndani, nikapanda basi lenye askari, njia ya vumbi mpaka Garsen, nafika chuo nywele nyekundu kama nimepaka hina, na kijana mmoja wa Bungoma ambaye hatujawahi kuonana maishani akanipisha kitanda cha chini. Huyo mpaka leo ni ndugu yangu. Wakati huo M-Pesa hakuna, M-Pesa imekuja Machi 2007 sisi tushamaliza, pesa ya nyumbani ilikuja kwenye bahasha mkononi mwa dereva wa basi na ikichelewa anayekupikia ni yule yule wa Bungoma. Kwa hivo mtu akiniambia tukisaidie chuo na watoto walioko pale sasa, mimi sina mjadala.

Mkanipa majina 61. Listi yenyewe sitaisema sana, itoshe kwamba namba 17 hazipo kabisa na nyingine laini zishauzwa upya, kuna mzee mmoja wa Kakamega nimempigia mara tatu kwa jina la mwenzetu wa Mpeketoni mpaka tumezoeana, juzi kaniuliza bei ya samaki.

Waliopokea walifurahi, hilo mlijue. Simu ya kwanza dakika arubaini hatujagusa pesa, ni mesi, ni maharagwe ya mesi, ni bumu, ile pesa ya mkopo, likitoka watu wote wananunua redio wiki moja na wiki ya pili wote wanauza redio, ni nani kamuoa nani. Ukija kwenye mchango hapo ndo sauti inashuka. Mmoja yuko Hola akanambia, we unakumbuka mimi gauni la mahafali nilirudisha siku mbili nimechelewa nikatozwa faini kwanza ndo nipewe cheti, leo wanataka niwape? Mwingine, na huyu alikuwa na akili kutushinda sote, maksi zake za somo moja zilipotea akakaa mwaka mzima akipanda ngazi za ofisi hii na hii, wenzake tushavaa majoho tushapigwa picha yeye anatafuta maksi za mtihani ambao sote tulimwona akiufanya. Huyo hata hakukasirika. Alicheka, akasema nitumie hiyo namba nitie mia mbili, lakini waambie siku wakizipata maksi zangu waniletee. Na akatia kweli.

Sikubishana na mtu. Hiyo ndo siri yote ya hii kazi kama mnataka kuijua, mwache mtu aseme kinachomuuma mpaka amalize, usimtetee mtu wa ofisi hata kidogo, alafu mwambie hivi: ndugu yangu, mimi nimetia mia tano, wewe tia unachoweza, tunataka klasi yetu tuonekane wengi. Kiwango sikumtajia mtu. Mwenye mia alitia mia. Wiki mbili za mwanzo walitoa watu 22, jumla 17,650, mmoja tu ndo alitia elfu tano kwa mpigo na wengine wote ni chini ya hapo, kuanzia mia mpaka elfu na ushei. Nimewaandika wote kwenye daftari langu la duka, mbele ni madeni ya wateja, nyuma nikaanza ukurasa mpya wa michango. Mbele madeni, nyuma michango. Mimi nimesoma mpaka digrii lakini hilo hata mtoto wa madrasa anajua kutochanganya kurasa.

Alafu mkaleta bango lile.

Dhahabu laki moja, Fedha elfu hamsini, Shaba elfu ishirini, na chini kabisa Rafiki wa Klasi elfu tano, ndo kima cha chini, na majina yatasomwa ukumbini kuanzia juu kuteremka. Yaani mwenye mia tatu yake si rafiki wa klasi, ni nani bas, mpita njia? Na hiyo 5,000 mliichagua wapi jamani, faini ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa asiyelipa mkopo ni 5,000 hiyo hiyo kwa mwezi, mwenzetu mmoja wa Ngomeni alipoiona namba tu aliifuta meseji pale pale, ananambia nilijua ni wao. Mwingine ni mwalimu Kizingitini, akanitumia vois ya sekunde sita: "Mimi nilidhani twaitwa kuonana." Toka bango litoke ni wiki sita sasa na waliotoa ni watatu, na mmoja wao ni mimi nimeongeza kwa kuona haya tu.

Lakini bango ningelimeza. Nisichokimeza ni mashine yenu ya meseji, kwa sababu kima cha chini kilipowekwa mkakirudisha nyuma mpaka kwa watu waliokwisha kutoa, na kati ya wale 22 watu 21 wakalala wamechangia wakaamka wanadaiwa.

Sasa niwahadithie la Malindi, na hili someni polepole.

Kuna mwenzetu mmoja mmemwandika wa 34 kwenye ile listi. Tulikaa naye hosteli moja mwaka wa pili, mtu mtaratibu, anapiga pasi shati lake kila Ijumaa na la jirani yake pia. Nikampigia wiki ile ya kwanza, akapokea mtoto. Nikamwambia mpe baba. Akasema baba hayuko. Nikauliza atarudi saa ngapi, mjinga mimi, na yule mtoto akanyamaza kidogo alafu akasema kwa adabu kabisa, "Baba alikufa." Nyuma namsikia mama anauliza nani huyo. Miaka mitatu mwenzetu yuko chini ya mchanga na grupu la watu mia na ushei hakuna aliyejua, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi, kwa sababu kila nikienda Mombasa kuchukua mzigo napita stendi ya Malindi nashuka nakunywa chai napanda tena, sikuwahi hata siku moja kusema hebu nimtafute fulani.

Yule mama hakunilaumu. Nikampa pole, nikataka kukata simu kwa aibu, akaniuliza ulikuwa wamtakia nini? Nikamwambia ni mchango wa klasi lakini wewe usijali dada yangu. Akasema nisijali vipi na yeye akikipenda kile chuo, ile picha ya majoho iko ukutani mpaka leo, nipe namba nimtilie iwe sadaka yake, mambo ya elimu si ni sadaka jaria. Akatuma mia tano kwa jina la mumewe. Nikaiandika nikaweka alama pembeni, na nitawaambia ukweli, nililia kidogo pale dukani, mteja akaja nikajifanya ni vumbi.

Mwezi uliopita nikaenda kuchukua mzigo na safari hii nikashuka Malindi kwenda kuhani, nimechelewa miaka mitatu lakini bora nifike. Nyumba iko Muyeye. Nimepewa kiti cha plastiki, chai ya tangawizi na mahamri, mtoto kaja kunibusu mkono, tumesoma Fatiha, alafu yule mama akafungua fundo la leso. Noti zimekunjwa ndogo ndogo, mia mbili, hamsini, mia, moja ya elfu. Akazihesabu juu ya mkeka mbele yangu mpaka zikafika elfu nne na mia tano, akazisukuma upande wangu, akasema, kaka zikabidhi wewe mkono kwa mkono, na waombe radhi kwa kuchelewa, mimi sikujua kama marehemu ameacha deni.

Nikamuuliza deni gani. Akamwita mtoto alete simu ya babake.

"Mpendwa," kisha jina kamili la marehemu, majina yote matatu, "tumepokea 500. Salio lako kufikia Rafiki wa Klasi ni 4,500. Tafadhali kamilisha kabla ya mwisho wa mwezi." Na nembo ya chuo ndani yake. Jumatatu tatu mfululizo meseji tatu, ya tatu imeongezwa neno "ukumbusho".

Wakubwa zangu, sijui huko kwenu ofisini kuna mtu wa Pwani. Kama yuko mngemuuliza. Huku kwetu maiti akiwa bado mbele ya safu watu hawajamsalia, husimama mtu wa kwao akatangaza, anayemdai marehemu aje kwa familia, au amsamehe. Deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, kabla mke na watoto hawajapata chao. Sasa mjane akisoma "salio lako" chini ya jina la mumewe yeye hasomi tangazo la mchango, yeye anasoma kwamba mumewe yuko kaburini kafungwa na 4,500 na wa kumfungua ni yeye. Alizipata wapi sikumuuliza. Niliona tu pale dirishani kuna meza ya cherehani, ina ile alama ya mafuta katikati, na cherehani haipo. Huenda iko kwa fundi. Sitaki kusema nisichokijua.

Nilimrudishia zote na ilichukua karibu saa nzima, hataki, anasema usinifiche kaka, nikaapa wallahi mumeo hadaiwi hata shilingi, ile mia tano uliyotoa ilikuwa hisani na imefika, na hata hivo sidhani aliniamini vizuri, mimi muuza plagi mbele ya meseji yenye nembo ya chuo kikuu. Nimerudi Lamu nikaisimulia barazani kwa wazee baada ya magharibi, mmoja akanisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na hao waloituma, wamemaliza kusoma au wangali wanafunzi?" Sikuwa na la kumjibu.

Na tafadhali msinijibu kwamba watu wa huku hawajazoea mambo ya alumnai. Njooni mfungo sita. Msikiti wa Riyadha hapa, alikofundisha Habib Swaleh mpaka akafariki 1935, ina wanafunzi waliotapakaa kutoka Ngazija mpaka Tanganyika na Uganda, na kila mwaka maulidi yakifika wanarudi wao, na wanafunzi wa wanafunzi wao, hakuna hoteli iliyolipiwa, watu wanalala barazani na vyumbani mwa watu, masufuria yanapikwa usiku kucha, mchele umetoka wapi ng'ombe katoka kwa nani hutasikia, mimi katika umri wangu wote sijasikia spika ikisoma fulani katoa magunia mangapi na fulani kapunguza. Mwenye ng'ombe analeta ng'ombe na mwenye kilo ya sukari analeta sukari yake kwenye kikapu, na wote wanakula sinia moja. Kama huo si mkutano wa wahitimu mimi sijui ni nini.

Au kama mnataka mifano ya ng'ambo, maana najua bango lile mmeliiga mahali, tuna mwenzetu alikwenda kusoma Marekani akabaki, nilimpigia usiku mmoja nikamuuliza huko wanafanyaje. Akasema huko ni jambo la zamani sana, chuo cha Yale walianzisha mfuko wao wa wahitimu 1890, nikafanya hesabu, ni mwaka ule ule Mjerumani anamwachia Mwingereza Witu hapa jirani, sisi hata reli ya Mombasa haijaanza kujengwa. Klasi inaitwa kwa mwaka iliyomaliza, kila miaka mitano inakutana, na anayekupigia simu kukuomba si karani, ni mtu mliyesoma naye amejitolea, kama mimi. Na kitu ambacho kilinishangaza, namba wanayojivunia sana si pesa peke yake, ni asilimia, watu wangapi katika klasi wametoa chochote. Princeton kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya waliosoma pale walikuwa wanatoa kila mwaka, chuo chenye mabilioni ya dola benki, na bado mtu anapigiwa aombwe dola kumi ili ahesabiwe kichwa. Msidhani ni malaika, hapana, lile jarida la U.S. News linalopanga vyuo lilikuwa likiwapa maksi kidogo kwa hiyo asilimia mpaka lilipoacha 2023, kwa hivo nao walikuwa na la kutafuta. Dhahabu na Fedha pia wanazo, mabango ya majina yako kila ukuta. Lakini mwenye dola kumi hawamtumii salio.

Mimi ninalotaka ni hilo moja, ondoeni kima cha chini na neno salio lisitoke tena kwenye mashine yenu. Wenye laki wafuateni wenyewe kwa simu ya pembeni, mkanywe nao kahawa, hata mkitaka kuwaandikia jina kwenye jiwe sina neno, klasi inahitaji na wao. Lakini ukumbini someni majina kwa alifabeti au msisome kabisa, maana mtu wa mia tatu akijua atasomwa wa mwisho haji, na asipokuja mwaka huu hamtamwona tena mpaka mpigiwe simu na mtoto wake. Wale 21 waandikieni mmoja mmoja, kwa mkono wa mtu si wa mashine, muwaambie mchango umefika na hakuna wanachodaiwa.

Alafu semeni pesa ni za nini. "Kuinua hadhi ya chuo" si jibu, nikimjibu hivyo mteja dukani siuzi kitu. Hapa mtaani nina binti wa jirani yuko mwaka wa pili chuo kingine, toka mfumo wa kufadhili wanafunzi ulipobadilishwa 2023 wakaanza kupangwa kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, babake mpaka leo haelewi lile kundi alilowekwa binti yake limehesabiwa vipi, yeye ni mchonga milango na msimu wa wageni ukiwa mbaya hana kitu. Muhula uliopita alikaa nyumbani wiki tatu. Chuoni kwetu wako wengi kama yeye, mnawajua kwa majina. Ukinambia mia tatu ya mtu inamlipia mtoto kama huyo chakula cha mesi siku kadhaa, mimi hiyo simu naipiga leo, hata kwa yule wa maksi naipiga. Ukinambia ni geti jipya na chemchemi ya maji, mtafuteni mwingine.

Tarehe ya mkutano sitaisema, ingawa kuweka Ijumaa saa saba mchana, saa ya swala, hilo nalo.

Majina yangu ninayo bado, sijaacha kazi. Nimebakisha watu 11 sijawapata na nitawatafuta, wawili nasikia wako Kiunga huko mtandao unakuja na kuondoka, mmoja yuko Oman. Nitawaambia watie wanachoweza kama nilivyowaambia wa mwanzo, mkituma tena meseji ya salio kwa mtu wangu hata mmoja nafunga ule ukurasa wa nyuma na daftari libaki la madeni ya mashine za boti peke yake.

Na ile mia tano iko kwenu. Nataka risiti yake ya karatasi, yenye muhuri, imeandikwa jina lake kamili na mbele ya jina iandikwe marehemu, na chini yake mtu asaini kwa kalamu. Itieni kwenye bahasha mumpe dereva wa basi la Lamu kama zamani, nitaipokea Mokowe, na safari yangu ya mzigo ni mwisho wa mwezi ujao, nitashuka Malindi nimpelekee.

Wenu mjitoleaji,
Langoni, Lamu